Kiingereza cha Karatasi katika Ukanda wa Dhahabu

Tangu migodi mikubwa ya dhahabu irudi Kanda ya Ziwa mwishoni mwa miaka ya 1990, lawama moja imezoeleka Geita, Kahama na Shinyanga: kijana anamaliza Kidato cha Nne na cheti anacho, lakini akizungumzishwa Kiingereza haelewi. Barua ya kuomba kazi anaiandika vizuri. Akiketi mbele ya wasaili, maswali yanampita. Wapo wanaosema kosa ni la Kiswahili cha shule ya msingi, na wapo wanaosema ni la walimu. Naona historia ya ukanda huu inaonyesha jambo jingine, la zamani kuliko Azimio la Arusha. Kiingereza kililetwa hapa kikiwa lugha ya karatasi, kikafundishwa kwa karatasi na kupimwa kwa karatasi, na sikio likaachwa lijifunze lenyewe. Waliobahatika kukaa karibu na wazungumzaji walijifunza. Wengine, ambao ndio wengi, walibaki na lugha wanayoitambua kwa macho tu.

Dhahabu ya Geita iligunduliwa na Wajerumani mwaka 1898, lakini hao hawakuja na Kiingereza, na utawala wao uliendeshwa kwa msaada wa makarani waliojua Kiswahili. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuubomoa utaratibu huo. Miaka minne ya mwanzo ya shule ilibaki ya Kiswahili, na Kiingereza kikawa lugha ya madarasa ya juu, ambayo watoto wachache sana wa Usukuma waliyafikia. Lugha hufundishwa kwa kufuata kazi inayotarajiwa kufanywa kwayo, na serikali ya mkoloni ilihitaji karani wa boma, karani wa ghala la pamba, mwalimu, msaidizi wa tabibu: watu wa kunakili barua, kujaza rejesta na kupanga mafaili. Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, alipotaka kusema na wananchi alitumia Kiswahili au alimwita mkalimani. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeandika sentensi safi alikuwa ameshatimiza haja ya mwajiri wake, hata kama hakuwahi kuwasikia Waingereza wawili wakiongea wao kwa wao kwa kasi yao ya kawaida.

Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, anatuonyesha upande wa pili. Mwaka 1945 yeye na Mangi Abdiel Shangali wa Kilimanjaro walikuwa Waafrika wa kwanza kuteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, ambako mijadala iliendeshwa kwa Kiingereza. Katika baraza la namna ile maandishi mazuri hayatoshi. Hoja inatolewa kwa mdomo, inajibiwa palepale, na aliyechelewa kuelewa amepoteza nafasi. Makwaia alikuwa amesoma Makerere, yaani alikuwa ameishi miaka kadhaa mahali ambapo Kiingereza kilisikika darasani, bwenini na mezani. Sikio lake lilitokana na makazi. Njia hiyo ilikuwa nyembamba mno kwa watu wengine wa wilaya yake, na shule za nyumbani hazikuwa na njia nyingine ya kuwapa.

Migodi nayo ilifuata mkondo huohuo kwa namna yake. Mgodi wa Geita wa zama za Waingereza ulianza kuzalisha katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, ulitokana na almasi aliyoigundua John Williamson mwaka 1940, ukakua kuwa mji kamili wenye shule, hospitali na uwanja wa ndege. Kusini mwa Afrika migodi ilikuwa na Fanakalo, lugha iliyochanganywa kwa ajili ya kutolea amri. Huku haikuhitajika, kwa sababu Kiswahili kilikuwepo tayari na Msukuma, Msumbwa na Mzinza walikutana ndani yake. Kiingereza kilibaki ofisini, karakana za mafundi wakuu na majumbani mwa mameneja. Mpishi wa nyumba ya meneja alipata saa nyingi za kusikia bila daftari, na mwanafunzi wa shule ya kati alipata daftari bila saa za kusikia. Hata hicho kilichosikika hakikuwa Kiingereza cha aina moja. Williamson alikuwa Mkanada, na mshirika wake mkubwa, I. C. Chopra, alikuwa mwanasheria wa Kihindi wa Mwanza. Katika ukanda huu hakujawahi kuwa na lafudhi moja ya Kiingereza ambayo mwanafunzi angeweza kuikariri na kumaliza kazi.

Baada ya uhuru mambo mengi yalibadilika, lakini si hili. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilifuatwa na uamuzi wa kukifanya Kiswahili lugha ya kufundishia darasa la kwanza hadi la saba. Azimio la Musoma la 1974 likafungua njia ya Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, na watoto wa Shinyanga na Geita wakaingia shule kwa wingi usio na mfano. Sekondari ilibaki ya Kiingereza. Tume ya elimu ya Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari, serikali haikukubali, na Mwalimu Nyerere alikitetea Kiingereza kwa kukifananisha na Kiswahili cha dunia. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni na kutoa taarifa iliyoshtua. Kwa hesabu yao ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliokuwa na kiwango ambacho mtu angetarajia kiwepo kabla hata ya kuanza kusoma kwa Kiingereza.

Taarifa hiyo hunukuliwa sana, lakini nadra mtu kuuliza ilipima nini. Kipimo chake kikuu kilikuwa cha kusoma: kifungu cha habari kilichoondolewa maneno, mwanafunzi ayajaze. Dawa iliyofuata, yaani mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza ulioanza mwaka 1987 kwa fedha za Uingereza, ililenga hasa vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa viwango. Sina neno dhidi ya vitabu hivyo, kwa kuwa kusoma kwa wingi hujenga msamiati, na bila msamiati sikio halina cha kukamata. Ila tazama mwelekeo. Ugonjwa ulipimwa kwa macho na dawa ikatolewa kwa macho, ilhali mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza wakati ule alikuwa akipokea sehemu kubwa ya masomo yake kwa masikio. Katika shule yenye kitabu kimoja kwa wanafunzi wengi, sauti ya mwalimu na ubao ndivyo kitabu. Asiyeweza kumsikiliza mwalimu wa Jiografia amepoteza Jiografia pamoja na Kiingereza. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi chini ya mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza 2004, hali hiyo ilisambaa hadi vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na sekondari.

Ni vema kueleza ugumu wenyewe uko wapi, maana mara nyingi husemwa kwamba tatizo ni kasi, kana kwamba msemaji akipunguza mwendo kila kitu kitakaa sawa. Kiswahili huipa kila silabi haki yake. Irabu husikika zote, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo msikilizaji anajua neno linakaribia kuisha. Kiingereza kinafanya kinyume: silabi yenye mkazo inabebwa juu, zile zisizo na mkazo zinamezwa, na maneno madogo yanayoshikilia sarufi ya sentensi hugandana na jirani zake hadi hayafanani na yalivyoandikwa. Mtu aliyekifahamu Kiingereza kwa maandishi anangoja asikie herufi alizoziona, nazo haziji. Maneno anayajua. Sura yake ya sauti ndiyo asiyoijua. Hapa watoto wa Shinyanga wana mtaji ambao shule haijautumia. Kisukuma kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na maana ya neno inaweza kubadilika kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mtoto anayetofautisha aina mbili za “i” katika lugha ya mama yake ana sikio lililokwisha kunolewa kwa tofauti kama ile ya “ship” na “sheep”. Anafika shuleni, anafundishwa maneno hayo kwa tahajia na matamshi ya mwalimu wa irabu tano, na tofauti aliyokuja nayo inalala bila kazi.

Wachimbaji wadogo nao wanathibitisha kwamba sikio lipo. Karasha, kompresa, winchi na rashi, yote yenye asili ya Kiingereza, ni maneno ya kila siku katika machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, na wengi wanaoyatumia hawakuyapata katika kitabu. Waliyasikia mahali pa kazi, yakiwa yamefungamana na kitu kinachoonekana na jambo linalofanyika.

Pingamizi la kwanza linajulikana: kama mtoto angeanza na Kiingereza tangu darasa la kwanza, sikio lingefunguka mapema. Hoja hii ina ukweli mdogo ndani ya kosa kubwa. Ukweli ni kwamba umri mdogo unasaidia sauti. Kosa ni kudhani kwamba kuibadili lugha ya kufundishia ni sawa na kuwapa watoto Kiingereza cha kusikiliza, wakati sauti pekee watakayoisikia ni ya mwalimu aliyepita njia ileile ya karatasi. Kenya ilijaribu jambo lenye maana zaidi. Kati ya 1980 na 1985, Taasisi ya Elimu ya Kenya kwa msaada wa Marekani iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika shule za vijijini, darasa la kwanza hadi la tatu. Kila siku ya shule redio ilizungumza nusu saa, na watoto hawakuketi kimya. Sauti iliuliza, ikaacha nafasi, darasa likajibu, likaimba, likasimama, likagusa kitu kilichotajwa. Mwalimu alibaki darasani akiongoza. Walipopimwa, watoto wa madarasa ya redio waliwashinda wenzao, na kusikiliza ni mojawapo ya maeneo ambayo faida ilionekana wazi. Masomo hayo yalibeba jina la “English in Action”, na mfano wake ukafuatwa baadaye Lesotho na Afrika Kusini. Kiingereza hakikuhitaji kulifukuza somo lolote. Kilihitaji nusu saa, iliyopangwa na watu waliofikiri kwa makini sikio la mtoto linajengwaje.

Mtu atajibu kwamba redio ni mambo ya kale, tena ya kigeni. Lakini ukanda huu ulikuwa umeshiriki katika kazi kubwa ya kusikiliza kwa utaratibu miaka kadhaa kabla ya Kenya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya karibu watu milioni 2 nchini kote katika vikundi vya kusikiliza Redio Tanzania kwa majuma 12. Kilichofanya kampeni ile ifanikiwe hakikuwa redio peke yake. Kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa na kijitabu cha kufuata, na baada ya kipindi watu walijadili walichosikia na kukubaliana la kufanya. Lugha ilikuwa Kiswahili na mada ilikuwa afya, lakini mpangilio wake ndio huohuo ambao walimu wa lugha wanaupendekeza leo: mwandae msikilizaji ajue kinachokuja, msikilizishe, mpe la kufanya na alichosikia. Nchi iliyoweza kuwapanga wakulima wa pamba wasikilize kwa makini haiwezi kusema haijui kupanga darasa la watoto.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu ninaokubaliana nao katika mengi. Wanasema: kwa nini tumlaumu kijana wa Geita kwa kutomwelewa mgeni? Mgeni ndiye ajifunze Kiswahili. Tangu Februari 2021 sheria imekifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama, na Kanuni za Madini za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zinasukuma kazi mikononi mwa wazawa. Nakubali, na naongeza kwamba katika jambo la usalama hakuna mjadala. Onyo la mlipuko, maelezo ya kemikali, maagizo ya kushuka chini ya ardhi, yote yanapaswa kutolewa kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa hata akiwa amechoka au ameshtuka, na hiyo kwa wengi hapa ni Kiswahili. Kulitumia sikio dhaifu la Kiingereza kama chujio la ajira kwa kazi isiyokihitaji ni dhuluma. Lakini hoja hii haimwondolei mwanafunzi wa sekondari mzigo wake. Madhali serikali inaendelea kumfundisha Fizikia kwa Kiingereza, ina deni la kumfundisha kukisikia. Siku sera itakapobadilika na Kiswahili kitakapopanda hadi chuo kikuu, kama walivyodai wataalamu wetu kwa miongo mingi, Kiingereza kitabaki somo, na somo la lugha lisilofundisha kusikiliza litakuwa nusu ya somo.

Hapa niseme pia juu ya Kiswahili kinachoingia darasani kwa mlango wa nyuma. Casmir Rubagumya na watafiti wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walieleza zamani jinsi walimu wa sekondari wanavyochanganya lugha mbili ili wanafunzi waelewe, huku waraka na mabango ya shule yakikataza. Wapo wanaodhani mchanganyiko huo ndio unaoliua sikio. Nafikiri unaliua pale tu unapotumika bila mpango, mwalimu anaposema sentensi kwa Kiingereza na kuirudia papo hapo kwa Kiswahili, hata mwanafunzi akajifunza kungoja ya pili. Ukipangwa, Kiswahili ni msaada mkubwa: mada ijadiliwe kwanza kwa Kiswahili, maneno magumu machache yaelezwe, kisha maelezo ya Kiingereza yasikilizwe mfululizo bila kukatizwa. Anayejua habari inahusu nini anaweza kukisia neno lililomezwa. Asiyejua anazama katika sentensi ya kwanza.

Pingamizi la tatu ni la vijana wenyewe: simu zimejaa Kiingereza, filamu zimejaa Kiingereza, nani anahitaji somo? Historia ya vibanda vya video inatoa jibu. Filamu za Marekani, Uhindi na China zilipoenea nchini, zilipata wafasiri kama Lufufu, waliozisimulia upya kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Ilikuwa sanaa ya kweli na inastahili heshima yake, lakini mtazamaji aliondoka na hadithi bila kulazimika kukisikia Kiingereza chini yake. Katika simu hali haitofautiani sana, kwa sababu picha zinaeleza na maandishi yanatembea chini ya kioo, na jicho linaloweza kupata maana peke yake halilipi sikio kazi. Wingi wa sauti hausaidii mpaka msikilizaji atakiwe kufanya kitu na alichosikia.

Kwa nini basi shule haimtaki mwanafunzi afanye hivyo? Muhtasari wa Kiingereza wa sekondari wa mwaka 2005 ulitaja kusikiliza miongoni mwa stadi za kufundishwa, na kuupa mada zake. Lakini mtihani wa Kidato cha Nne hufanywa kwa kalamu, hauna sauti hata moja ya kusikilizwa, na mtihani wa darasa la saba tangu 2012 kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu na kuweka kivuli. Hata Kenya, ambako stadi za mazungumzo zimo katika mtihani wa sekondari, stadi hizo hupimwa kwa maandishi. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na ratiba fupi hufundisha kinachopimwa, wala sioni haki ya kumlaumu. Akibaki na dakika kumi atazitumia kwa nyakati za vitenzi.

Kinachowezekana si kikubwa wala cha gharama isiyobebeka. Imla ya zamani, iliyosomwa neno baada ya neno, igeuzwe: kifungu kifupi kisomwe mara tatu kwa mwendo wa kawaida, wanafunzi waandike wanachokamata, kisha wakae wawili wawili wakijenge upya na kukilinganisha na maandishi yake. Kila walipokosea ni pale sauti ilipojificha, na mwalimu anajua mara moja pa kufundisha. Spika ndogo zinazotumia kadi ya kumbukumbu zinauzwa katika masoko ya Kahama na Katoro. Kinachokosekana ni cha kuweka ndani yake. Sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaitaka migodi ipange matumizi ya fedha za uwajibikaji kwa jamii pamoja na halmashauri, na fedha hizo zimekwisha kujenga madarasa na kununua madawati. Sehemu yake ndogo ingetosha kurekodi sauti za Kiingereza kinachosikika kweli katika ukanda huu: muuguzi wa Kitanzania, mjiolojia wa Ghana, fundi wa Afrika Kusini, mhandisi wa Australia, kila mmoja akieleza kazi yake kwa dakika tatu, pamoja na maandishi na maswali. Baraza la Mitihani nalo lingeweza kuanza na alama chache, katika mikoa ya Geita na Shinyanga, kwa sauti inayochezwa mara mbili na msimamizi wa chumba cha mtihani. Alama hizo zingempa mwalimu sababu ya kuziweka zile dakika kumi kwenye kusikiliza.